Siku Wimbo Ulipoeleweka

Lamduan alikuwa mwimbaji mkuu wa kike katika kikundi cha opera ya Kichina, kikundi kilichozunguka hekalu hadi hekalu katika miji iliyo magharibi ya Bangkok, na Kichina chenyewe hakukijua. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Waigizaji wote wa kikundi kile, ukimwacha mzee mmoja, walitoka Isan kama yeye. Walikuwa watoto wa wakulima wa mpunga wa kaskazini mashariki, na kila mmoja aliyakariri maneno ya Kiteochiu, Kichina cha opera ile, kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura ndefu kabla hajafundishwa tafsiri. Mwalimu Tek, yule mzee mmoja aliyebaki anayeijua lugha, ndiye aliyewasomesha. Alikuwa akikaa nyuma ya pazia na ngoma yake, na kila alipomfundisha Lamduan wimbo mpya alimwambia kwa mkato: hapa unacheka, hapa umekasirika, hapa unamwona mumeo anakuja kwa mbali. Naye Lamduan akacheka, akakasirika, akatazama mbali. Alifanya hivyo tangu utotoni mpaka nywele zikaanza kupata mvi chini ya kilemba cha shanga, na wazee wa Kichina walisema hakuna sauti kama yake kuanzia Nakhon Pathom mpaka Ban Pong.

Wazee hao ndio waliokuwa wakipungua. Mwaka hata mwaka viti vya plastiki mbele ya jukwaa vilizidi kuwa vitupu, mpaka jioni nyingine walikaa bibi watatu wenye pepeo mkononi, muuza ngisi wakavu, na mbwa. Waigizaji hawakukata tamaa kwa hilo, kwa kuwa mchezo ulikuwa sadaka kwa mungu wa hekalu, na jukwaa lilijengwa likitazamana na mlango wake. "Huyu haondoki kabla mchezo haujaisha," Mwalimu Tek alizoea kusema, "na simu hana."

Lakini sadaka hutolewa na watu. Mwenyekiti wa kamati ya hekalu moja la Ban Pong, mfanyabiashara wa vyuma aliyewapokea kila mwaka tangu enzi za baba yake, alimwita Thanin pembeni baada ya mchezo akamwambia kuwa kuanzia mwakani wangeleta waimbaji wa nyimbo za kisasa.

"Si kwamba hatuwapendi," mwenyekiti alisema. "Waliokuwa wakiwatazama ndio tumeshawazika."

"Na mungu wenu je?" Thanin aliuliza.

"Atatuelewa."

Thanin ndiye aliyekuwa mwenye kikundi. Alikirithi kwa mama yake, aliyefariki kwa kisukari, na mama huyo naye alikirithi kwa baba yake. Alikulia humohumo kikundini, akalala ndani ya masanduku ya mavazi, na Lamduan ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yake yuko jukwaani. Hata sasa, kijana wa watu mwenye miwani na shahada ya chuo kikuu, alimwita Lamduan mamdogo. Hakuwa mtu wa kukaa akilia. Siku ile waliporudi kambini aliwakusanya wote, akawapa uji wa mchele na mayai ya chumvi, kisha akawaeleza alichokuwa amekiwaza kwa muda mrefu.

"Tucheze kwa Kithai," alisema. "Mchezo mmoja, mfupi, saa moja na kidogo. Pale Bangkok kando ya mto kuna ghala la zamani la mchele, siku hizi vijana wanaonyeshea sanaa zao. Nimeshazungumza nao. Wanataka mavazi yaleyale, rangi za uso zilezile, ngoma ileile ya Mwalimu. Ila maneno waelewe."

"Sasa wakituelewa si wataona hatujui kitu," alisema mchekeshaji wa kikundi, mtu asiye na meno ya mbele, na watu wakacheka.

Mwalimu Tek hakucheka. Alikoroga uji wake. "Kithai hakikai kwenye muziki ule," alisema. "Lakini fanyeni. Mimi ngoma nitapiga."

Mchezo uliochaguliwa ulikuwa wa zamani, ambao Lamduan aliucheza tangu alipokuwa msichana. Kuna njaa katika nchi. Mama mmoja ana mtoto wa kiume mgonjwa na binti mzima wa afya, na mfanyabiashara wa vitambaa anapita na gari lake la farasi. Mama anamtoa binti kwa mfanyabiashara. Anamsindikiza mpaka lango la mji, na gari linapoondoka anaimba. Huo ndio wimbo ambao bibi wa Kichina walikuwa wakiungoja na leso mkononi. Lamduan alijua kisa kwa jumla. Alijua kuwa ni mama anayeagana na mtoto, na kwamba kwenye ubeti wa tatu mkono unapanda polepole hadi kwenye paji la uso. Maneno yenyewe yalikuwa sauti tamu tu kinywani mwake, kama kokwa la embe unalolifyonza.

Thanin alikaa na Mwalimu Tek siku nyingi, mzee akieleza na kijana akitafuta Kithai cha kufaa. Kisha akaja na karatasi, wakakaa na Lamduan chini ya jukwaa, kwenye kivuli, jirani na feni.

"Nisome?" Thanin aliuliza.

"Soma, mwanangu. Nikusikie."

Akasoma. "Nimekufungia mkate katika kilemba changu, usiule kabla hujauvuka mlima. Ukifika, sema una njaa kidogo tu, wasije wakasema una mdomo mkubwa. Lala upande wa mlango, uamke kabla yao. Ukiitwa kwa jina jingine, itika."

Lamduan alikuwa akibandua shanga iliyolegea kwenye kilemba chake. Aliendelea kuibandua baada ya kusikia, kisha akaona imeshatoka na vidole vyake bado vinahangaika na uzi.

"Ndivyo inavyosema?" aliuliza. "Siku zote?"

"Ndivyo Mwalimu anavyosema. Kwani vipi?"

"Hakuna. Soma tena ya mwisho."

"Ukiitwa kwa jina jingine, itika."

Yeye mwenyewe alipofikishwa kikundini alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mama yake Thanin, marehemu, alimpa jina la Kichina la jukwaani siku ya pili, na kwa wiki nzima aliitwa asiitike, si kwa ukaidi, ila hakujua kuwa ni yeye. Alichapwa kwa hilo, kidogo tu, kwa mpini wa upepeo. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo kuwa ni jambo. Watoto wote wa Isan waliletwa kwa mkataba namna ile, wazazi wakapewa chochote, na wengi walimaliza miaka yao wakarudi kulima. Yeye alibaki kwa kuwa alipenda.

Katika mazoezi aliupitisha ule mstari kwa haraka, bila sauti kamili, na kila mtu alidhani anajihifadhi.

Siku ya onyesho ghala lilijaa. Vijana waliketi hadi chini sakafuni, wengine wakiwa na mikoba ya chuo, wasichana wenye nywele za rangi, wazungu wawili watatu. Walicheka mchekeshaji alipotaka wacheke. Walinyamaza njaa ilipoingia mjini. Lamduan, nyuma ya pazia, aliwasikia wakielewa, na hicho kilikuwa kitu kigeni kwake. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia watu wakifuata neno lake kabla hajalimaliza.

Alitoka kwa wimbo wa langoni. Aliimba mkate, akaimba mlima, akaimba kulala upande wa mlango. Mkono ulipopanda kwenye paji la uso, alifungua mdomo kwa ule mstari wa mwisho, akasema "ukiitwa", na sauti ikakatika. Alijaribu tena. Haikuja. Mwalimu Tek aliuona mgongo wake kupitia tundu la pazia akarudia pigo la ngoma, mara moja, mara ya pili, kumpa nafasi ya kuingia. Lamduan hakuingia. Alikaa chini katikati ya jukwaa, jambo ambalo bibi wa opera hafanyi hata akichomwa mkuki, akalia kwa kwikwi mpaka rangi nyeupe na nyekundu ikachuruzika kwenye kola ya hariri.

Kisha watu wakasimama, wakapiga makofi, wakiwa na simu zao juu.

Nyuma ya pazia alimpigia magoti Mwalimu Tek akamwomba radhi. Kwa watu wa kazi ile mwigizaji aliyelia kweli ameharibu kazi, kama mpishi aliyejikata kidole juu ya chungu cha mchuzi. Mzee alimshika bega. "Inuka, binti," alisema. "Wao wamekula wakasifu."

Lamduan alikuwa bado na bakuli la mafuta ya kufutia uso alipoingia msichana mmoja mwenye kipaza sauti kidogo, mpole, anayeongea kwa heshima.

"Samahani mama, nakusumbua. Ulipokuwa unalia pale, ulikuwa unamfikiria nani?"

Lamduan alikuwa amechoka na hakuona sababu ya kuficha. "Mama yangu," alisema. "Yeye ndiye aliyenileta kwenye kikundi nikiwa mtoto."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Kantharalak, kijijini."

Hayo tu. Msichana akamshukuru kwa kukunja viganja, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Thanin alikuja anakimbia na simu mkononi. Nchi nzima ilikuwa ikimtazama Lamduan akikaa chini na kulia. Watu waliandika kuwa hawakujua opera ya Kichina ina moyo namna ile. Waliandika kuwa waliwapigia mama zao simu. Na juu ya ile picha ya video mtu fulani, asiyejulikana nani, aliweka maneno makubwa ya manjano: ALIUZWA NA MAMAKE KWA WACHEZA OPERA, LEO AIMBA UCHUNGU WAKE.

"Mimi sikusema aliniuza," Lamduan alisema.

"Najua, mamdogo. Watu ndivyo walivyo. Lakini tazama." Akamwonyesha. Ghala lilitaka wiki nzima. Chuo kimoja kilitaka. Tamasha la Chiang Mai lilitaka.

Na kweli, riziki ilikuja. Lori lililokuwa likisukumwa lilitengenezwa. Mchekeshaji alitia meno, akawa anacheka bure ili yaonekane. Mke wa mpiga zeze alirudi kikundini na mtoto wao. Lamduan aliwatazama wakila samaki wa kukaanga mchana, badala ya uji, akaona hana ruhusa ya kununa.

Usiku wa pili pale ghalani alilia tena bila kutaka, mahali palepale. Wa tatu pia. Ndipo akajifunga kibwebwe. Alijifungia chumbani mchana kutwa, akauimba ule mstari mara nyingi mpaka ukawa mgumu kama kamba iliyokauka, na jioni ile akauimba wote, kwa sauti kamili, ule mstari wa mwisho ukitoka safi na kupanda mpaka kwenye mabati. Alijua kuwa hajawahi kuuimba vizuri hivyo kwa lugha yoyote. Watu walipiga makofi ya adabu. Walipokuwa wakitoka mama mmoja alimsogelea Thanin mlangoni akamuuliza, "Leo bibi anaumwa? Maana tumetoka mbali, Rayong."

Thanin alimweleza Lamduan jambo hilo kwa aibu, akikuna shingo. "Sikuambii ulie. Siwezi kukuambia hivyo. Nakuambia tu alivyosema."

"Nimekuelewa."

"Unanikasirikia?"

"Nikukasirikie wewe kwa lipi, mtoto? Umetafuta watu, umewapata."

Siku iliyofuata akalia, na hakujua kama ni kwa kuwa ameshindwa kujizuia au kwa kuwa ameacha kujizuia.

Simu ya Orathai ilikuja wiki hiyo. Orathai alikuwa binti wa kaka yake, mwalimu wa chekechea, na ndiye aliyekaa na bibi yake kijijini.

"Shangazi, sikutaka kukupigia kwa jambo hili," alisema. "Bibi haendi tena hekaluni asubuhi. Anasema miguu. Si miguu. Mtu sokoni alimwambia neno."

"Neno gani?"

"Shangazi."

"Niambie."

"Alimuuliza kilo ya mtoto ni bei gani."

Lamduan alimwendea Thanin akamwomba aiondoe ile picha. Thanin hakusita. Aliiondoa ile iliyowekwa na kikundi, mbele ya macho yake. Kisha akamwonyesha zilizobaki, za watu wasiowajua, na za watu waliochukua kwa watu, moja ikiwa na muziki wa piano juu yake, nyingine ikiwa na mwalimu wa dini anayehubiri juu ya wazazi wenye tamaa. Aliwaandikia wengine. Mmoja alijibu kwa alama ya moyo. "Ni kama magugu ya mtoni, mamdogo," Thanin alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nang'oa hapa, yanaota kule."

Basi Lamduan akapanda basi la Sisaket, mkoa wa kwao, akashuka asubuhi, akachukua pikipiki mpaka kijijini. Mama yake, Khamphan, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mianzi chini ya nyumba, anachambua pilipili. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko alivyomkumbuka. Lamduan alimpigia magoti akaweka kichwa kwenye mapaja yake, na mama akampapasa nywele kwa mkono usio na pilipili.

"Umekonda."

"Rangi za uso tu, mama. Zinakausha ngozi."

"Umekula?"

"Nimekula njiani."

"Hujala." Akamwita Orathai alete wali wa kunata na mchuzi wa machipukizi ya mianzi. Wakala wote watatu kwa mikono, wakiongea habari za mvua na ng'ombe wa jirani. Mama ndiye aliyeanza, akiwa bado anafinyanga tonge.

"Walikuja vijana wawili na kamera. Wana adabu. Wakaniuliza nilipata pesa ngapi. Nikawaambia nimesahau." Akala tonge. "Sijasahau."

"Mama, mimi sikusema umeniuza. Nilisema ulinileta."

"Najua. Orathai alinionyesha. Wewe umesema maneno mawili, wao wameyazaa."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kwani ni uongo? Pesa nilipokea. Kaka yako alikuwa amevimba tumbo hata maji hayapiti." Akachovya tonge kwenye mchuzi. "Lakini ulitaka kwenda. Hilo hukuwaambia. Walicheza hapa kwenye harusi ya yule Mchina wa kinu, ukaona kilemba cha shanga, ukashika nguzo ya jukwaa ukakataa kurudi nyumbani. Nilikuvuta mpaka mkono ukawa mwekundu. Wiki nzima ukanililia nikupeleke. Sikuwa nimewaza kabisa. Wewe ndiwe uliyenitia wazo."

Lamduan alikikumbuka kilemba. Kilikuwa na ndege wa bluu anayetikisika. Nguzo hakuikumbuka, wala mkono wa mama yake. Alikumbuka pia kuwa siku ya kuondoka alikaa mbele ya lori, karibu na dereva, na alikuwa na furaha.

"Basi unalilia nini?" mama aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

"Sijui, mama."

"Kama hujui, acha."

"Siwezi kuacha. Na siku nikiweza, wao hawataki."

Khamphan alimgeukia. "Hawajui kuwa ni mchezo?"

"Wanajua."

"Mimi nilikuja kukutazama mara moja, kule Surin. Unakumbuka? Watu walicheka nikacheka, walinyamaza nikanyamaza. Ulikuwa umependeza. Ukainua mkono hivi." Aliinua mkono wenye pilipili polepole mpaka kwenye paji la uso, na haikuwa mbaya. "Kumbe ndiyo hayo uliyokuwa unaniambia. Kichina kilikuwa kizuri, Duan. Kwa Kichina hakuna aliyejua."

Orathai ndiye aliyetoa shauri kwamba warekodi wao wenyewe. Wakaketi mama na mwana kwenye kitanda cha mianzi, Khamphan akavaa blauzi yake ya kwendea hekaluni, na Lamduan akasema moja kwa moja kuwa mama yake hakumtupa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda, kwamba alipenda mavazi na nyimbo na anazipenda mpaka leo, na watu wamwache mama yake kwa amani. Khamphan aliulizwa kama ana la kusema. Akasema, "Sina." Orathai akaituma.

Hadi jioni watu wengi walikuwa wameitazama. Orathai alisoma waliyoandika kwa sauti, mawili matatu ya mwanzo, kisha akaanza kusoma kimya, kisha akaiweka simu kifudifudi.

"Nipe," Lamduan alisema, akasoma mwenyewe. Maskini, bado anamtetea. Ndivyo watoto walioumizwa walivyo. Tazama mama anavyokwepa kamera. Tazama alivyosema hana la kusema. Na mmoja aliandika kuwa machozi yalimtoka kwa jinsi Lamduan alivyo na moyo mkubwa, na kwamba angekwenda Chiang Mai kumwona.

"Wanasemaje?" Khamphan aliuliza kutoka kitandani kwake.

"Wanasema bibi ni mzuri," Orathai alijibu.

"Mwongo," mama alisema, akageukia ukuta.

Lamduan alikaa siku chache, akamsugua mama yake miguu, akampikia, akaondoka. Asubuhi alizokuwa pale Orathai ndiye aliyesimama barabarani na chakula cha watawa, akisema ni kwa niaba ya bibi. Watawa walipokea wakaomba dua kama kawaida yao, na Khamphan alisikiliza kutoka ndani.

Kambini Thanin alikuwa amewaza la kufanya. "Tuuondoe ule wimbo," alisema. "Tucheze kisa hichohicho, gari liondoke kimya. Nitawaandikia Chiang Mai."

Akawaandikia, na Chiang Mai walijibu siku hiyohiyo, kwa upole mwingi, kwamba wanaheshimu uamuzi wa msanii, na kwamba hata hivyo wimbo ule ndio uliotajwa kwenye mabango. Kama haupo, wangelazimika kufikiria upya. Thanin alisoma jibu mbele ya watu wote kwa kuwa hakuwa na siri nao. Hakuna aliyemtazama Lamduan. Mke wa mpiga zeze alikuwa akimnyonyesha mtoto. Mchekeshaji alifunga mdomo wake wenye meno mapya.

"Uache tu," Lamduan alisema. "Usiuondoe."

"Una hakika?"

"Tumekula sana, Thanin. Tutarudishaje tulichokula?"

Kabla ya Chiang Mai ilibaki ahadi moja ya zamani, hekalu la Ban Pong, sikukuu ya mungu wao, mara ya mwisho kabla ya waimbaji wa kisasa. Lamduan aliingoja siku hiyo kama mtu anayengoja kulala kwenye godoro lake. Kungekuwa na Kiteochiu, na mungu mlangoni, na bibi watatu. Hakuna simu itakayoinuliwa. Alijipaka rangi mapema, jua bado lipo, akajifunga kilemba, akauonea hamu ule wimbo kwa mara ya kwanza tangu ghalani.

Bibi walikuwa wawili. Wa tatu, walisema, alikuwa hospitali. Muuza ngisi alikuwepo. Jukwaa lilinuka udi na mafuta ya kukaangia. Lamduan alitoka langoni akaanza, na zile sauti alizozijua tangu utotoni zikatoka zenyewe, laini, za mviringo, hazina kitu ndani. Mkate. Alishtuka kidogo. Hakutaka kuusikia mkate. Akaendelea, na katikati ya sauti akauona mlima, kisha mlango, na mtu mdogo amelala upande wa mlango. Alijaribu kusikiliza ngoma tu. Alijaribu kuwaza vidole vyake, jinsi vinavyotakiwa kupinda. Mkono ulipopanda alikuwa tayari anajua kitakachofuata kwa lugha zote, hata kwa lugha ya nyumbani, ambayo wimbo ule haujawahi kuimbwa kwayo.

Hakulia. Ule mstari haukutoka, basi. Mwalimu Tek alirudia pigo mara moja, kisha, kwa kuwa alimjua, hakurudia tena. Alipiga ngoma ya kufunga, na Lamduan akatoka kwa hatua ndogondogo za bibi wa opera kana kwamba wimbo unaishia hapo. Bibi mmoja alikuwa amesinzia. Mwingine alifuta macho, kwa kuwa yeye aliujua mstari wote na aliumalizia mwenyewe kichwani. Mwenyekiti wa kamati alikuja nyuma na machungwa na bahasha nyekundu, akasema kuwa hajawahi kusikia sauti ya Lamduan ikiwa nzuri kama leo, na kwamba kweli watamkosa. Alimaanisha.

Lamduan alipokuwa akifuta uso alimuuliza Mwalimu Tek, aliyekuwa akizungushia ngoma yake blanketi. "Mwalimu, neno ukishalijua, kuna njia ya kutolijua tena?"

Mzee alifunga fundo kwanza. "Mimi nimezaliwa nayo lugha hii, binti," alisema. "Nilifundishwa kuimba kabla ya kitu kingine chochote. Sauti nilikuwa nayo. Nikaomba wanipe ngoma."

Lamduan alingoja aendelee, lakini alikuwa amemaliza.

Nje walikuwa wameanza kupakia lori. Thanin alipanda na kushuka na masanduku kama kijana wa miaka kumi na minane, shati limelowa jasho, na alipomwona alimfungulia mlango wa mbele. Walikuwa wametuma ujumbe kutoka Chiang Mai, alimwambia. Tiketi zimekwisha, wameongeza siku moja, na wengi wa walionunua hawajawahi kuona opera maishani mwao.

"Marehemu mama angefurahi," Thanin alisema.

"Angefurahi sana," Lamduan alisema, akapanda, akamsogezea mke wa mpiga zeze nafasi, akampokea mtoto ili mama yake apande vizuri. Mtoto alishika kola yake akaivuta. Lori likaondoka.